Mfenesi Katika Ua wa Nyumba ya Kupanga

Katika Kiswahili mti wa matunda mara nyingi hutajwa kwa tunda lake: mwembe huzaa embe, mpapai papai, mfenesi fenesi. (Mgomba umeikataa desturi hiyo, wenyewe huzaa ndizi.) Hapa Uganda mfenesi huonekana katika viambo vingi, na Waganda huliita tunda lake ffene.

Ukitaka kuupanda, chukua mbegu ya tunda lililoiva, uioshe utelezi, uipande siku hiyo hiyo au ya pili, maana ikikauka haioti. Ipande pale pale utakapokua mti, kwa kuwa mzizi wake mkuu huenda chini na hauvumilii kung'olewa. Jiepushe na njia wapitapo watoto: mafenesi huning'inia shinani na kwenye matawi makubwa, na moja laweza kuzidi kilo 20. Siku ya kulipasua, paka mikono na kisu mafuta. Ulimbo wake haujui sabuni.

Lakini ua ni wa nani? Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba aliniruhusu mboga, mahindi, hata mpapai. Nilipotaja mfenesi alinyamaza, kisha akasema, "Huo hapana, Mwalimu."

Sikumshangaa. Mpapai waweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja, na baada ya miaka michache umekwisha. Mfenesi huishi miongo mingi, na penye mti wa kudumu huzuka swali la haki. Katika pwani ya Kenya, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1907, wenye mashamba waliwaachia maskwota walime mahindi na muhogo, lakini waliwazuia kupanda minazi. Aliyepanda mnazi angeweza kudai kitu.

Basi nilimrudia mzee yule nikiwa na karatasi. Tuliandika kwamba mti ni wa kiwanja chake, matunda tutagawana nusu kwa nusu maadamu ninaishi pale, na nikihama sitadai fidia. Mwenyekiti wa LC 1 alishuhudia. Wenzangu shuleni walicheka kwamba nimeandikia mkataba mbegu. Mimi naona ndipo hasa mkataba unapofaa, kabla hakijawapo cha kugombaniwa.

Mfenesi una miaka miwili sasa, umenipita kimo, haujazaa. Kodi yangu inaisha Desemba, na mzee bado hajaniambia kama ataniongezea muda.