Tracy Chapman na nyimbo za upande wa pili

Ukitaka kuwatia Watanzania wa Massachusetts kwenye ubishi usio na uhasama, waache Simba na Yanga wao. Waulize wimbo upi ni bora kwenye albamu ya kwanza ya Tracy Chapman, ile ya 1988 yenye picha ya uso wake ameinamisha macho. Waliovuka miaka arobaini wataweka sahani chini. "Fast Car" itapata kura nyingi, "Baby Can I Hold You" itafuata, na hakosi mmoja wa kusema kwamba zote ni nyimbo za msibani na heri tuwekewe Msondo.

Tunabishania kitu kilichoanzia jirani yetu. Chapman alizaliwa Cleveland, Ohio, lakini alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Tufts, mjini Medford, jimbo letu hilihili, na alikuwa akienda na gitaa lake kavu kuwaimbia wapita njia pale Harvard Square. Brian Koppelman, mwanafunzi mwenzake, alikuwa katika harakati za kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini hapo chuoni, akaambiwa yupo msichana anayefaa kuimba mkutanoni. Baba yake Koppelman alikuwa mfanyabiashara wa muziki, na mlango wa kampuni ya Elektra ukafunguka kupitia kwake. Enzi hizo redio za Marekani zilijaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Maprodyuza kadhaa waliikataa kazi hiyo kabla David Kershenbaum hajaichukua na kuacha gitaa na sauti vikae mbele.

Kisha ikaja tarehe 11 Juni 1988, tamasha la miaka 70 ya Nelson Mandela katika uwanja wa Wembley, London, Mandela mwenyewe akiwa bado gerezani. Chapman alikuwa ameshaimba zake mchana na kumaliza. Jioni, Stevie Wonder akagundua kwamba diski ya kompyuta yenye muziki wa kinanda chake haionekani, akaondoka. Ikabidi pengo lizibwe haraka, na wa kuziba akawa yule msichana mwenye gitaa moja, asiyehitaji mitambo ya kufungwa. Aliimba "Fast Car" mbele ya uwanja mzima na mamilioni waliokuwa kwenye televisheni.

Kwetu Morogoro hatukuona kitu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Lakini Mazimbu, kilomita chache tu kutoka mjini, vijana wa ANC, chama cha Mandela, walikuwa wakisoma katika chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Kwa hiyo jina la Mandela halikuwa habari ya mbali kwetu, na kanda ya Tracy Chapman ilipofika mjini, ikirekodiwa kutoka kanda nyingine iliyorekodiwa kutoka nyingine, watu waliipokea kama ya mtu wa upande wetu. Dada yangu mkubwa bado anayo ya kwake. Maandishi ya upande wa A yamefutika kwa vidole. Ya upande wa B yanasomeka vizuri kabisa.

Na hapo ndipo wasikilizaji wa nyumbani na wa huku tunapopishana. Kwa dada, "Fast Car" ni wimbo wa ushindi. Anasikia gari, mwendo, taa za mji, binti anayeukimbia umaskini. Sisi tunaobeba boksi tunausikia saa kumi na moja alfajiri, tukitoka zamu mbili mfululizo katika nyumba za wazee, na tunasikia habari nyingine. Binti wa wimbo ameacha shule ili amtunze baba mlevi. Anaondoka, anapata kazi ya kukaa kaunta dukani, anaahidi kwamba mambo yakinyooka watahamia nyumba kubwa nje ya mji. Anaishia na mwanamume anayekesha baa kama baba alivyokuwa. Gari lipo na mji upo, na bili analipa yeye. Nikimweleza hivyo dada hujibu kwa ujumbe wa sauti, kwa upole: "Mdogo wangu, wewe umeshapanda hilo gari. Sisi tuache tuote." Sina jibu la haraka.

Wazungu ninaofanya nao kazi wana usikivu wao pia. Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa kantri kutoka North Carolina, aliurudia wimbo huu ukafika nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard, ilhali wa Chapman mwenyewe uliishia nafasi ya 6 mwaka 1988. Muuguzi mmoja kijana wa zamu yangu alidhani ni wimbo mpya kuhusu mji wa kwao. Weusi wengi wa hapa walikereka: kwa nini mpaka aimbe mzungu ndipo redio za kantri zifungue mlango? Wengine wakasema mtunzi ni yuleyule, kila ukipigwa anaingiza chake, na mwaka huohuo Chapman akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha muziki wa kantri. Hasira naielewa, ila Combs simlaumu. Hakubadilisha hata jinsia. Aliimba kwamba yeye ni msichana wa kaunta, akiwa na ndevu zake zote. Walipouimba pamoja kwenye Grammy za Februari 2024, yeye alikuwa akimtazama Chapman muda wote kwa heshima ya mtoto mbele ya mwalimu.

Nyumbani nako tuna vituko vyetu. "Baby Can I Hold You" ni ombi la kudumu la wapenzi kwenye salamu za redio, na nimeusikia ukipigwa harusini, bwana na bibi wakilishana keki. Wimbo wenyewe unamhusu mtu aliyeshindwa miaka yote kutamka samahani. Sikusema kitu, MC alikuwa ameshafurahi.

Wimbo ambao wa huku na wa kule tunakubaliana juu yake ni "Behind the Wall", ule usio na gitaa wala ngoma. Jirani anasikia mwanamke akipigwa ng'ambo ya ukuta, na anajua kwamba polisi wakiitwa watachelewa. Aliyewahi kupanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi Morogoro hahitaji Kiingereza kuelewa. Kule mtu atagonga mlango, au atamfuata mjumbe wa nyumba kumi, ingawa si mara moja nimesikia pia kwamba ya mke na mume hayaingiliwi. Hapa Worcester ninakoishi polisi hufika upesi kuliko wa kwenye wimbo, ila mimi jirani yangu simjui hata jina, na nadhani kama ningelia usiku angepandisha sauti ya televisheni.

Kuhusu wimbo wa kwanza wa albamu, ule wa mapinduzi, nitasema lisilopendwa: nauona mwepesi. Unaahidi kwamba maskini watainuka na kuchukua chao, halafu unakwisha.

Kura yangu inakwenda upande wa B. Unafunguliwa na "Mountains o' Things", wimbo wa mtu anayemfanyia kazi mwingine huku akiota gari la thamani, mtumishi wa kumwagiza kila kitu na watu wa kumwonea wivu. Kadiri ndoto inavyonona, yeye anazidi kuwa mpweke. Hakuna wimbo unaotusema wana ughaibuni namna hii. Tunajaza kontena televisheni, majokofu na magodoro. Nyumba yangu ya Kihonda, Morogoro, imepauliwa, ina geti la chuma na vyumba vinne, na anayelala humo ni mlinzi. Mimi nalala chumba cha kupanga ghorofa ya tatu. Dada, ambaye hajui gharama ya lile geti, hupita pale Jumapili kufungua madirisha nyumba isinuke uvundo.

Unaofuata ni "She's Got Her Ticket", wenye mdundo wa rege. Binti ana tiketi mkononi, na mwimbaji anawataka watu wasimbembeleze abaki. Mtoto wa dada anausikiliza siku hizi kwenye simu. Ameniandikia, "Mama mdogo, nami natafuta chuo huko." Dada anataka nimkataze. Siwezi kumkataza mtu safari niliyoifanya mwenyewe, wala siwezi kumficha nyumba inayolala mlinzi. Nimemjibu kwamba wimbo anaoupenda ni wa 7, na kwamba kabla ya kujaza fomu yoyote ausikilize kwanza wa 6, mpaka mwisho. Nanyi wenye kanda za zamani, geuzeni upande.