Siku ya Mwisho Mjini London

Asubuhi ya siku yake ya mwisho mjini London, mwalimu mmoja mstaafu, mkulima wa chai wa Konoin katika Bomet, alimkatalia binti yake safari ya madukani. Kwa siku kumi alikuwa ameonyeshwa Mnara wa London, kanisa kuu la Mtakatifu Paulo na jumba la kifalme, na yote aliyatazama kwa adabu ya mgeni. Lakini mahali alipopatamani hasa palikuwa pamoja tu, nako ni Mincing Lane.

"Baba, huko hakuna kitu cha kutazama," alisema binti.

"Twende hivyo hivyo, mama."

Jina hilo alilisikia tangu utoto. Baba yake alipanda miche yake ya kwanza katika miaka ya 1960, na kila malipo ya majani yalipopungua alinyosha kidole upande wa kaskazini akasema kwamba wakubwa wa Mincing Lane wamekataa tena. Mwana akayarithi maneno hayo pamoja na shamba, akawa akiyasema mbele ya wenzake penye mizani ya kupimia majani, mwaka baada ya mwaka. Na nani angemlaumu? Adui aliye mbali humwendei kwa nauli.

Lo! Ni njia fupi mno, hata mtu aweza kuipita asiione. Minada ya chai ilianza hapo mwaka 1834, baada ya kampuni ya East India kupoteza haki yake ya kufanya biashara na China peke yake, na kwa zaidi ya miaka mia bei ya London ilisikilizwa duniani kote. Siku hiyo hapakuwa na kasha hata moja la chai. Palikuwa na majumba ya vioo na makarani waliokuwa wakiharakisha kwenda kula. Mwalimu alimwuliza bawabu mmoja mahali chai inapouzwa. Yule bwana, kwa upole mwingi, akamwelekeza mkahawani.

Binti ndiye aliyeitazama simu yake akamsomea. Mnada wa London ulifanywa mara ya mwisho tarehe 29 Juni 1998. Chai ya Kericho na Bomet, kwa sehemu kubwa, huuzwa katika mnada wa Mombasa, uliohamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969.

Mwalimu alisimama kimya, kofia mkononi. Miaka mingi alikuwa amewalaumu watu wasiokuwapo. Na Mombasa, katika maisha yake yote, hajapata kufika.

Alasiri walikwenda madukani. Alimnunulia mkewe blanketi, akakataa pakiti ya chai aliyopewa na binti, kwa kuwa kupeleka chai Konoin ni kutia maji baharini.

Usiku, uwanjani pa ndege, walipokwisha kuagana, aligeuka akarudi hatua mbili.

"Mama, gari la moshi la kutoka Nairobi mpaka Mombasa, nauli yake ni kiasi gani?"