"DO" YETU NA "DO" YA KINSHASA



Sisi ni wale wawili tuliomaliza masomo katika shule hii mwaka 2023, mmoja wa soprano, mwingine wa tenori. Wengi wenu mlitusindikiza kwa nyimbo siku ile tulipopanda lori kwenda kufanya ekzame ya kuimba katika shule moja ya muziki huko Kinshasa. Na wengi mlituona tukirudi kimya. Tangu hapo tunaulizwa njiani, mtoni, hata mlangoni pa kanisa: "Ile mambo ya Kinshasa iliisha namna gani?" Wandugu wa gazeti hili wametuomba tuandike yote. Tumekubali, juu ya tuko na deni kwenu.

Kwanza mjue feza ya safari ilitoka wapi. Haikutoka kwa tajiri. Kanisa lilikusanya Jumapili tatu. Mmoja alileta mpunga, mwingine mafuta ya mawese, mwingine franga zilizofungwa katika kipande cha kitambaa. Mama mmoja mjane alileta kuku yake ya mayai, akasema hana kingine. Kuku ile iliuzwa sokoni, na bei yake iliandikwa katika kitabu cha mashemasi pamoja na zingine. Tulipoondoka tulikuwa tumebeba kijiji kizima mgongoni.

Wengine waliuliza kwa nini hatukupita Kindu, maana ndio mji mkuu wa jimbo letu. Kwa sisi watu wa Obokote njia ya Kisangani ni fupi zaidi. Lori lilivuka mto Maiko, likapita Wanie-Rukula, na sisi juu ya mifuko, tukilowa mvua na kukauka na jua. Kule Kisangani tuliona maporomoko ya Wagenia. Ni ya mwisho kati ya yale saba yanayofunga mto toka Ubundu, na ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kando yake. Toka Kisangani mashua inaweza kuteremka mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, bila kukuta poromoko.

Tulipanda balenyere, ile mashua ndefu ya mbao. Tulilala juu ya magunia ya mchele. Tulipita Isangi, Bumba, Lisala, Mbandaka. Kila asubuhi tuliimba, na wasafiri wakatuita "watu ya kwaya" na kutupa samaki. Siku ya 13 tuliona taa za Kinshasa, tukafikiri ni moto wa pori.

Shangazi ya mmoja wetu alitupokea kule Masina. Watu wote wanasema Lingala mbio mbio, na gari hazisimami kama hazijajaa mpaka mlangoni. Lakini hatukuja kuandika mambo ya gari.

Siku ya ekzame tulivaa zile nguo nyeupe za kwaya. Mwalimu mmoja mzee alituita pamoja, juu tulikuwa tumejiandikisha kuimba sauti mbili. Tuliimba. Alifunga macho mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kifaransa: "Vema." Sisi tukaona tumekwisha kushinda.

Kisha akaenda kwenye piano. Akapiga sauti tano, akatuambia tuandike majina yake. Kwetu kazi ile ni ndogo, tunaifanya tangu shule ya Jumapili. Tuliandika pasipo kusita: d, m, s, m, d. Akatazama karatasi zetu, akatuonyesha ya kwake. Ilikuwa: sol, si, ré, si, sol.

Tulisikia jasho. Hata moja haikufanana!

Akatuuliza nani alitufundisha. Tukamweleza kwamba kwetu hakuna piano. Mwalimu wa kwaya anaanzisha wimbo kwa mdomo, na pale wimbo unapokaa, ndipo tunapaita Do. Kama wamama hawafikii juu, anateremsha wimbo wote, na Do inateremka nao. Mzee yule akacheka, lakini si kwa kutuzarau. Akapiga tena zile sauti tano na kuziimba yeye mwenyewe: do, mi, sol, mi, do. Kumbe ulikuwa wimbo ule ule! Akatueleza: "Do yenu inatembea pamoja na mwimbaji. Do yetu imekaa mahali pamoja kwenye piano, haihami. Masikio yenu hayakukosa. Urefu kati ya sauti na sauti mliusikia sawasawa."

Tukapumua. Kisha akaweka mbele yetu karatasi yenye mistari mitano na zile alama nyeusi zinazopanda na kushuka kama ndege juu ya waya. Akasema: "Sasa imbeni hii." Tuliitazama. Tuligeuziana macho. Saa ya ukutani ilipiga tik tak. Hatukuimba hata sauti moja.

Akatuambia maneno ambayo hatutayasahau: "Sauti mnayo. Masikio mnayo. Macho ya muziki hamna bado. Hapa kila somo linaanza na kusoma. Jifunzeni, mrudi." Majina ya waliopokelewa yalibandikwa ukutani siku ya nne. Yetu hayakuwako. Shule ile haikutukosea.

Basi, ndugu, sasa tunafika kwenye deni. Kurudi kulikuwa kwa siku nyingi kuliko kwenda, maana mashua inapanda maji. Mtu akiwa na aibu na muda mingi, anatengeneza uongo. Sisi tuliutengeneza pamoja. Tulipatana kusema hivi: "Wale watu waliomba rushwa. Sisi hatukuwa nayo, wakapokea watoto ya wakubwa." Nani angekataa? Kila mtu kwetu ameombwa "kitu kidogo" mahali fulani. Tuliugawanya ule uongo kama wimbo: mmoja aanze, mwingine aitikie, tusipishane. Tulikuwa tunajua habari ya Anania na Safira, waliodanganya juu ya feza ya kanisa. Hatukuitaja hata mara moja mashuani.

Tulifika nyumbani siku ya Ijumaa. Jumamosi jioni yule mama mjane alikuja, ameshika sahani ya lituma na samaki. Hakuuliza matokeo. Alisema: "Watoto yangu, mumerudi na mwili nzima, Mungu asifiwe. Mukule." Akakaa akatutazama tukila. Chakula hakikupita kooni. Alipoondoka, mmoja wetu alisema: "Mimi kesho siwezi." Mwingine akajibu: "Hata mimi." Hivyo wimbo wetu ulikufa kabla ya kuimbwa.

Jumapili tulisimama mbele ya kanisa na kusema vile ilivyokuwa. Hatuwezi kuwaambia kwamba wote walifurahi. Mzee mmoja alisema feza imeliwa na mto. Mwingine aliuliza kwa sauti ya juu nani alitufundisha vibaya, na mwalimu wetu wa kwaya akainamisha kichwa. Ile ilituuma kuliko kukosa majina ukutani.

Kwa hiyo tunaandika hapa, ili isomwe na wote: mwalimu wetu hakutufundisha vibaya. Zile herufi d, r, m si mchezo wa watu wasiosoma. Huko Uingereza, katika mji wa Norwich, mwalimu mwanamke Sarah Glover alitumia njia ile kufundisha watoto. Mchungaji John Curwen akaishika na kuieneza tangu miaka ya 1840, ili watoto na maskini wasio na chombo waweze kuimba sauti nne. Wamisionari wakaichukua mpaka Afrika. Bila ile njia, kwaya nyingi zetu hazingalikuwako. Mistari mitano nayo ni njia nyingine, ya zamani zaidi. Mtawa Guido wa Arezzo, kule Italia, aliandika sauti juu ya mistari miaka karibu 1,000 iliyopita. Anayejua njia moja si mjinga. Lakini anayejua njia mbili anafika mbali.

Kule Kinshasa tulisikia pia habari ya Orkestra ya Wakimbanguisti. Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliianzisha mwaka 1994. Yeye alikuwa rubani wa ndege, muziki alijifundisha mwenyewe. Mwanzoni violini zilikuwa chache, watu wakapokezana moja kwa zamu. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baisikeli. Mwaka 2010 watu wa ng'ambo waliwaona katika filamu juu ya kazi yao. Wale nao walianza pasipo kujua.

Turudi kanisani. Makelele yalipopungua, yule mama mjane alisimama. Aliuliza swali moja tu: "Ile mistari mitano, kuifundisha ni franga ngapi?" Tukajibu: "Hakuna, Mama. Ni chaki na tablo." Akasema: "Basi mufundishe watoto. Kuku yangu isipotee." Watu wakacheka, na Pasteri akafunga ibada.

Ndiyo sababu mnatuona hapa shuleni kila Jumatano baada ya masomo. Kabla ya kuondoka Kinshasa, tulinakili kwa mkono kitabu kidogo cha solfeji, kurasa 40, usiku kwa taa ya shangazi. Ndicho tunachofundisha, na sisi wenyewe tunazidi wanafunzi wetu kwa kurasa chache tu. Wanakuja watu 11. Kwenye benchi ya mbele, na kaye yake juu ya magoti, anakaa mwalimu wetu wa kwaya. Juma lililopita yeye ndiye aliyesoma mstari wa kwanza pasipo kukosa. Tukapiga makofi mpaka Bwana Prefe akaja kuuliza kuna nini.

Mwaka huu hatutaomba kanisa litoe tena. Tumelima mpunga, na tukivuna tutaona. Kama mmoja atapokelewa na mwingine akose, tumepatana kwamba yule anayebaki ataendelea na Jumatano.

Ninyi mnaosoma hapa, njooni. Leteni kaye na kalamu ya risasi, maana mtafuta sana. Kuuliza si ujinga. Sisi tulienda mbali sana ili kuuliza, ninyi mnaweza kuuliza hapa karibu.

Wenu katika Bwana,
Wawili wa kwaya