Je, Tubadili Lenzi ya Kamera?

Twataka kuwaeleza shauri lililotusumbua miezi mingi katika parokia yetu hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Ni shauri la lenzi ya kamera. Labda wengine watacheka na kusema: hayo ni mambo ya mafundi wa picha. Walakini fedha ya kuinunua ni fedha ya Wakristo, na kosa tulilolifanya laweza kumpata kila mtu ambaye mkono wake una kitu, na macho yake yanatazama kingine.

Sisi tu watu watatu. Padri Paroko alitupa kazi ya kupiga picha za parokia: ubatizo, Komunio ya Kwanza, arusi, mazishi na sikukuu. Kamera yetu ni Canon, nayo ilikuja na lenzi yake ya kawaida, ile iitwayo zoom, ya milimeta 18 mpaka 55. Mwenye kuizungusha aweza kupiga kundi zima la waimbaji, kisha, bila kuondoka mahali pake, akauleta karibu uso wa mtoto mmoja. Ni nyepesi, karibu gramu 200, na nje kwenye jua la kiangazi haitutii aibu.

Taabu yake ni ndani ya kanisa. Kanisa letu lina madirisha madogo, na umeme hukatika mara nyingi. Tena Padri hapendi taa ya kamera imulike wakati wa Misa, naye ana haki, maana watu wamekuja kusali, hawakuja kutazama radi. Basi twapiga gizani, na picha nyingi zatoka kama zimemwagiwa maji.

Sababu yake si uchawi. Kila lenzi ina tundu la kuingizia nuru. Tundu hilo lina namba, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi yetu ikivutwa mpaka milimeta 55, tundu lake haliwezi kupita 5.6. Lenzi tuliyoitamani, ya milimeta 17 mpaka 55, hufika 2.8 popote uivutapo. Hapo upana wa tundu ni mara 2, na nuru iingiayo ni mara 4, kama dirisha lililoongezwa mara mbili upana na mara mbili kimo. Pale ambapo lenzi yetu yataka sehemu ya 15 ya sekunde, ile nyingine yatosheka na sehemu ya 60. Tofauti hiyo ni kubwa. Katika sehemu ya 15 ya sekunde, mtoto akinyosha mkono tu, mkono wapotea. Ni kweli, lenzi yetu ina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono wa mpiga picha. Lakini hakuna kifaa cha kumtuliza mtoto mwenye furaha.

Basi tukaanza kuchangisha. Jumuiya zikatoa, waimbaji wakatoa. Na kila mtu aliyetuuliza habari za picha zake tulimjibu neno moja: ngojeni lenzi mpya.

Katika hao alikuwamo kambo mmoja, mama mzee aliyemlea mjukuu wake tangu utoto. Mjukuu huyo alipokea Komunio ya Kwanza mwezi wa sita. Kila Jumapili, baada ya Misa, kambo alitusimamisha mlangoni: "Wana wangu, foto yangu iko wapi?" Sisi tukamjibu kwa heshima: "Kambo, subiri kidogo." Tulijua kwamba picha ya mtoto mbele ya altare iliharibika kwa giza, nasi tuliona haya kusema.

Mwezi wa nane kambo akafariki. Watu wa nyumbani wakaja kututafuta, wakiomba picha yo yote ya kuweka juu ya jeneza. Tukafungua kompyuta, tukapekua zile za mwezi wa sita. Kumbe ilikuwapo picha moja iliyopigwa nje, kwa lenzi ile ile tuliyoilaumu: kambo amemshika mjukuu begani, wote wawili wanacheka, na uzi wa kitambaa chake waonekana mmoja mmoja. Kuisafisha kwenye karatasi kulichukua saa moja tu mjini. Ilikuwa imelala ndani ya kompyuta yetu miezi miwili. Watu wote pale kilioni waliiona, isipokuwa yeye aliyeiomba.

Baada ya mazishi tukaketi. Bwana wetu, katika Injili ya Mtakatifu Luka, asema habari za mtu atakaye kujenga mnara, naye huketi kwanza ahesabu gharama. Sisi tulikuwa tumehesabu gharama ya mnara, lakini hatukuhesabu matofali tuliyo nayo. Tukachukua picha mbovu 40 za sikukuu ile, tukaulizana juu ya kila moja: kosa ni la nani? Picha 17 ziliharibika kwa giza. Hizo ni kosa la lenzi. Picha 10 zilikuwa nyeusi usoni kwa sababu mpiga picha alimsimamisha mtu mbele ya dirisha. Picha 7 zilikuwa na ukungu wa vumbi letu jekundu, maana hakuna aliyefuta kioo. Picha 6 zilikata vichwa au zilichelewa. Yaani 23 zilikuwa kosa letu, na lenzi ya bei kubwa isingeziokoa.

Tukakumbuka pia wazee wetu. Lenzi ya zoom ya kwanza kwa kamera ndogo za picha, Zoomar ya Voigtländer, ilitokea mwaka 1959. Picha za arusi zilizopigwa hapa kabla ya hapo, wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville, zilipigwa kwa lenzi zisizovutika. Fundi alitaka uso uwe mkubwa? Alisogea kwa miguu yake. Na Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, katika kazi yake iitwayo Mémoire, alizichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi akaziunganisha na picha zake za viwanda vilivyochakaa. Aliweza, kwa sababu kuna watu waliozitunza zile za zamani. Picha isiyotunzwa wala kutolewa haina msaada kwa mtu.

Basi tulikata shauri hivi. Lenzi kubwa tumeiacha. Ni nzuri, hatuikatai. Fundi anayekula kwa arusi za kila Jumamosi aweza kuinunua, nayo itamrudishia fedha yake. Sisi si mafundi wa namna hiyo, na uzito wake wa gramu 645 ni mara 3 ya ile yetu. Kwa ajili ya zile picha 17 tumenunua lenzi ndogo ya milimeta 50 isiyovutika, ambayo tundu lake hufika 1.8. Yaingiza nuru zaidi ya mara 9 kuliko yetu ikivutwa, na bei yake haikufika robo ya ile kubwa. Ina kasoro zake: haipanui, hivyo ndani ya kanisa hatuwezi kupiga kundi zima kwa hiyo, tena tundu likiwa wazi hivyo, ukikosea kidogo kulenga jicho, masikio ndiyo yaonekanayo vizuri. Yataka mazoezi. Makundi twayapiga nje, kwa zoom ile ya zamani.

Fedha iliyobaki tuliitangaza Jumapili mbele ya Wakristo wote, tukaomba ruhusa yao, nao wakakubali: ni ya karatasi. Sasa kila sikukuu ikipita, kabla ya Jumapili ya pili, kila jamaa hupokea picha moja mkononi bila kuomba.

Nawe msomaji, ukitamani chombo kipya, iwe lenzi, cherehani au baiskeli, ulizia kwanza chombo cha zamani kimekosa nini, na wewe umekosa nini. Kisha tazama kama yuko mtu mlangoni pako anayengoja kile ambacho tayari unacho. Mpe leo. Kambo wetu alingoja lenzi, na picha yake ilikuwa tayari.