Bastola ndogo na mkoba wa mama

Mwanangu Imani ana miaka minne, na hakuna anayeujua mkoba wangu kama yeye. Anajua mfuko wa pembeni una bigijii, wa ndani una simu, na kule chini hakukosi kipande cha biskuti. Nikiingia nyumbani, kabla sijavua viatu, ameshaufungua.

Tunaishi Houston, Texas. Nahudumia wazee majumbani mwao, na zamu yangu huisha saa tano usiku. Mwaka jana jirani yetu aliporwa akiteremsha mizigo kwenye maegesho ya magari hapa tunapoishi. Tangu siku hiyo mume wangu halali mpaka anisikie mlangoni. Jioni moja akasema, "Mama Imani, tukununulie bastola ndogo, ukae nayo kwenye mkoba."

Kwa wasomaji walio nyumbani hilo linaweza kusikika kama sinema. Huku ni jambo la kawaida. Tangu Septemba 1, 2021, mtu mwenye miaka 21 na zaidi asiye na zuio la kisheria anaweza kutembea na bastola Texas bila kibali.

Dukani, muuzaji alitandika kitambaa akatuwekea mbili: Smith & Wesson 642 na Ruger LCR. Zote ni rivolva, yaani bastola zenye silinda inayozunguka. Kila moja hubeba risasi tano za .38 Special, na mtutu wake haufiki sentimita 5. Nyundo imefichwa ndani ili isinase kwenye nguo. Ya kwanza ina fremu ya aluminiamu na inazidi kidogo gramu 400. Ya pili, yenye sehemu ya plastiki ngumu, haifiki hata hizo. Nilipoishika niliona ni nyepesi kuliko chupa ndogo ya maji.

Kifyatulio cha Ruger kilivutika kwa ulaini. Cha Smith & Wesson kilinitaka nikaze kidole. Muuzaji hakutuficha kitu: bastola nyepesi hupiga teke mkononi, na kwa mtutu mfupi namna ile, asiyefanya mazoezi hukosa shabaha hata kwa hatua chache. Mume wangu akaipenda Ruger. Mimi nikaelekea Smith & Wesson, kwa sababu niliyodhani ni busara ya mama: kifyatulio ni kizito, mtoto hataweza.

"Kitufe cha usalama kiko wapi?" nikauliza.

"Hizi hazina. Kinachokulinda ni ule uzito wa kifyatulio."

Nikamwuliza kama mtoto wa miaka minne anaweza kukivuta. Akaweka bastola chini, akainua mikono yake mitupu. "Mtoto havuti kwa kidole kimoja kama wewe," akasema. "Huigeuza, mtutu ukamwelekea yeye, kisha husukuma kwa vidole gumba vyote viwili."

Tulitoka bila kununua. Njiani nilikumbuka habari ya Desemba 2014 katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho. Mtoto wa miaka miwili alifikia bastola iliyokuwa kwenye mkoba wa mama yake wakiwa dukani, ikafyatuka, ikamuua mama. Mkoba ule ulikuwa umetengenezwa maalumu kwa kubebea silaha, na mfuko wake ulikuwa na zipu.

Baba Imani alisema tutanunua kasha la chuma lenye kufuli. Nikamwuliza, "Nikiingia ndani, nani atawahi? Mimi kwenye kasha, au Imani kwenye mkoba?" Hakujibu.

Siwahukumu wanaobeba. Wengine wana vitisho ambavyo mimi sina. Ila kama ni wewe, silaha ikae mwilini mwako, isikae kwenye mkoba. Ukifika nyumbani, itoe risasi, ifungie, na risasi zifungie mahali pengine. Sheria ya Texas humtia hatiani mtu mzima ambaye kwa uzembe wake mtoto wa chini ya miaka 17 anafikia silaha yenye risasi. Lakini sheria huja wakati msiba umeshaingia ndani.

Sasa nikikaribia nyumbani napiga simu, na mume wangu anateremka na tochi mpaka kwenye maegesho. Hofu haijaisha, ila tunatembea nayo wawili.

Kuna kitu kimoja zaidi nilichojifunza. Jumamosi iliyopita Imani alialikwa kucheza kwa rafiki yake. Niliona haya, lakini niliuliza mlangoni, "Samahani, mna silaha humu ndani? Imefungiwa wapi?" Mama yule hakukasirika. Alinipeleka chumbani, akanionyesha kasha limefungwa, na ufunguo ameuvaa shingoni. Nikamwachia mwanangu.