Kabla ya Kununua Vizimba

Hapa Ujerumani yai la dukani hupigwa muhuri, na tarakimu ya kwanza inaeleza kuku aliyelitaga anaishi vipi: 0 ni wa kilimo hai, 1 hutoka nje, 2 hukaa bandani, 3 yumo kizimbani.

Kizimba cha zamani kilimpa kila kuku sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4. Waya chini, waya pembeni, basi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliamua kukipiga marufuku, na kuanzia Januari 1, 2012 kikawa haramu. Kilichoruhusiwa ni chenye sentimita 750, kiota, kichanja cha kulalia na mahali pa kudonoa na kuchakura. Aliyekulia Tanga akiisoma orodha hiyo atashtuka, kwa sababu ni mambo ambayo kuku wa uani kwetu anayo tangu aanguliwe.

Sisemi kuku wa uani yuko peponi. Kideri kikiingia kinafagia banda zima, na mwewe hachoki kunyakua vifaranga. Lakini mchana kutwa kuku huyo ana shughuli: anachakura, anaoga vumbi, anatafuta pa kutagia. Akinyimwa shughuli hizo, mdomo wake huhamia kwenye manyoya ya mwenzake. Kudonoana huanzia hapo, ndiyo maana wafugaji wengi hukata midomo ya vifaranga. Wafugaji wa Ujerumani walikubaliana kuacha kuikata kwa kuku wa mayai kuanzia 2017, ikabidi wawatafutie kuku kazi: marobota ya lusini kavu, mawe ya kudonoa, nafaka iliyotawanywa kwenye matandiko ili waitafute wenyewe.

Shangazi yangu wa Kibaha hajui lolote kuhusu makubaliano hayo. Anafuga kuku wa mayai juu ya maranda, na jioni hufunga fungu la mchicha kwa kamba, akalining'iniza juu kidogo ya vichwa vyao. Kuku wanaruka, wanadonoa, wananyang'anyana. "Wakikaa bure watakulana, mwanangu," aliniambia. Ni elimu ileile, na kwake inagharimu kamba tu.

Kinachoniumiza ni kuona vizimba vya waya vya ghorofa vikitangazwa Dar es Salaam na Nairobi kama ufugaji wa kisasa. Naielewa hesabu yake: kiwanja ni ghali, kinyesi kinadondoka chini, yai linatoka safi, kijana mmoja anahudumia kuku wengi. Lakini hesabu hiyo haina kichanja wala kiota, na kuku anayetaka kutaga atahangaika juu ya waya hata kama chakula kimejaa.

Shangazi naye ameletewa bei. Nimemwomba asinunue, nitamtumia fedha za kupanua banda upande wa migomba, aongeze vichanja vya mbao, kiota kimoja kwa kila kuku watano hivi, na sanduku la mchanga uliochanganywa na majivu. Fundi anaanza msingi mwezi ujao.