Kijiji kilichokosa mrithi wa damu
Huko Canterbury, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, kuna nyumba ya ibada iliyojengwa mwaka 1792. Ina milango miwili: mmoja wa wanaume, mwingine wa wanawake. Ni ya Washaker, Wakristo walioishi pamoja kama ndugu. Hawakuoa wala kuolewa, mali ilikuwa ya wote, na yatima walilelewa humo kama watoto wa nyumbani. Katikati ya karne ya 19 wakazi walifikia takriban 300.

Baadaye waliojiunga walipungua, wakabaki akina dada wazee wachache. Nani angerithi? Mwaka 1969 kijiji kikafanywa makumbusho chini ya shirika lisilotafuta faida. Wageni walitembezwa huku wenyeji wakiendelea kuishi humo, hadi wa mwisho, Ethel Hudson, alipofariki mwaka 1992 akiwa na miaka 96.

Leo majengo 25 ya asili bado yamesimama. Lakini paa likivuja halisubiri, na fundi hutaka malipo; hivyo viingilio na michango huhesabika kila msimu. Waliokufa bila kuzaa wameacha nyumba. Kuitunza ni kazi ya waliobaki.